Kano ya kisigino ya mtoto ikikatwa, inaungana vipi?

SWALI: Docta, mimi ni mama wa Kadutu, hapa Bukavu. Mtoto wangu wa pili ana miezi miwili, alizaliwa miguu yote imepinda kwa ndani. Amefungwa plasta mara tano, miguu imenyooka vizuri, ila kisigino bado kiko juu. Juma lijalo wanataka kumkata mshipa wa nyuma ya kisigino. Naogopa sana. Shemeji yangu wa motari, yule anayebeba abiria kwa pikipiki, alikatika mshipa huohuo akicheza mpira miaka miwili iliyopita, na mpaka leo anachechemea. Wa mtoto utaungana vipi kama wa mtu mzima ulishindwa? Na mshipa huo hutengenezwaje tumboni? Nilibeba mizigo ya soko mgongoni mpaka mwezi wa saba, na mama mkwe anasema ndiyo iliyouvuta.

JIBU: Mama, nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mzigo haukumpinda mtoto wako. Ule mkanda wa kubebea mzigo, unaopita kwenye paji la uso, ulivuta shingo yako na mgongo wako. Mtoto alikuwa akielea ndani ya maji, nyuma ya ukuta wa kizazi. Miguu ya namna hii hutokea kwa karibu mtoto 1 katika kila 1,000 wanaozaliwa, wavulana mara mbili ya wasichana, na huwapata pia wanawake ambao hawajawahi kujitwisha hata ndoo. Katika baadhi ya familia imeonekana hitilafu kwenye jeni zinazoongoza ujenzi wa mguu tangu mwanzo, kama ile iitwayo PITX1. Mwambie mama mkwe, kwa heshima, kwamba daktari amesema hivyo.

Sasa huo mshipa. Sisi huita mshipa kila kitu mwilini chenye umbo la uzi: wa damu, hata wa fahamu. Huu wa kisigino ni kano, yaani kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Unaijua vizuri kutoka jikoni. Ukikata mguu wa kuku, watoto huuchukua wakavuta uzi mweupe, na vidole vya kuku vikajikunja. Huo uzi ni kano. Tena ni kuku aliyewafundisha watafiti inakotoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Nicole Le Douarin wa Ufaransa aligundua kwamba seli za kware zinatambulika kwa hadubini hata zikipandikizwa ndani ya kifaranga kilicho bado kwenye yai. Kiini cha seli ya kware kina alama yake. Basi ukihamisha kipande cha kware kwenye kifaranga, siku chache baadaye unasoma kila seli imefika wapi na imekuwa nini. Kwa njia hiyo ilijulikana kwamba msuli na kano si ndugu wa tumbo moja. Seli za misuli ya mkono na mguu huzaliwa kwenye vipande vilivyopangika kando ya mgongo wa kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, kisha husafiri hadi kwenye chipukizi la mguu, yaani kinundu kitakachokuwa mguu. Seli za kano ni wenyeji wa chipukizi lenyewe, pamoja na zile za mifupa. Kwa mwanadamu machipukizi hayo hutokeza yapata wiki ya 4, na mwisho wa wiki ya 8 mguu una umbo la mguu. Wanawake wengi wakati huo ndiyo kwanza wanajijua kuwa wana mimba.

Je, kano humngoja msuli ufike ndipo ianze? Mwaka 1979 watafiti wa Ufaransa walitengeneza bawa la kifaranga lisilo na msuli hata mmoja. Kano zilianza kujijenga zenyewe mahali pake, halafu, kwa kukosa msuli wa kushikamana nao, zikafifia. Jaribio hilo mimi nalipenda kuliko yote katika habari hii, kwa sababu linaonyesha kano ina ratiba yake, lakini haidumu bila mwenzake wa kuivuta. Majaribio ya baadaye kwa panya wadogo yaliongeza jambo jingine: kano za vidoleni zinahitaji gegedu la vidole, yaani ule mfupa laini, ili zikae mahali pake, na sehemu ndefu inayopanda mkononi ndiyo inayohitaji msuli.

Kwa muda mrefu kizuizi kilikuwa kuitambua seli ya kano mapema, kwani inafanana na jirani zake zote. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba jeni iitwayo Skleraksi huwaka ndani ya seli hizo kabla hakujawa na kano ya kuonekana. Miaka miwili baadaye Brent, Schweitzer na Tabin, huko Harvard, waliitumia alama hiyo kuonyesha kwamba hata kwenye mgongo kuna kikundi maalumu cha seli zinazokuwa kano, kilichokaa kati ya seli za misuli na zile za mifupa. Panya wasio na Skleraksi huzaliwa na kano kubwa zilizoharibika vibaya, hasa zile za kuvuta kwa nguvu. Ukiondoa kwa panya njia ya ujumbe wa protini iitwayo TGF-beta, karibu kano zote hupotea.

Seli zikishajipanga, huanza kutoa kolajeni, protini ngumu ya kusukia kano, nyuzi kwa nyuzi, zote zikielekea upande mmoja. Fikiria kamba za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, pale Ziwa Kivu: nguvu yake ni nyuzi nyingi nyembamba zilizolala pamoja. Na mtoto huzivuta akiwa bado tumboni. Mateke uliyoyasikia yalikuwa kazi ya ujenzi. Kiinitete cha kuku kikipoozwa kwa dawa kisicheze, kano zake hubaki dhaifu.

Hapo ndipo mtoto wako na shemeji yako wanapoachana. Kano ya mtoto mchanga bado ina seli za ujenzi zilizo macho. Mwaka 2017 watafiti walikata kabisa kano ya kisigino ya panya wa siku chache na ya panya wazima. Kwa wachanga, seli za kano yenyewe ziligawanyika, zikaingia kwenye pengo, Skleraksi ikawaka upya, na kano ikarudi kufanya kazi. Kwa wazima pengo lilizibwa na kovu, na mwendo haukurudi sawasawa.

Kwa mtu mzima ushahidi ulitoka pasipotarajiwa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza hewani kaboni ya aina ya pekee, ikaingia katika miili ya watu wote. Watafiti wa Denmark waliipima ndani ya kano za kisigino na mwaka 2013 wakatangaza kwamba sehemu ya katikati ya kano hujengwa hadi umri wa miaka 17 hivi, kisha haibadilishwi tena. Shemeji yako anatembelea kamba aliyoisuka utotoni.

Mtoto wako atafanyiwa hivi. Ni utaratibu wa Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Watamtia ganzi, watapitisha kisu chembamba kwenye ngozi na kukata kano, dakika chache tu. Mguu utainuka palepale na pengo litabaki. Usishtuke wasipolishona, halishonwi kwa makusudi, ili kano mpya ijijenge ikiwa ndefu zaidi. Plasta itakaa wiki 3. Vidole vikiwa baridi au vikigeuka rangi, rudi hospitali hata kama ni usiku.

Baada ya hapo ndipo wazazi wengi wanapoteleza. Mtoto atavaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa fimbo, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha kila akilala hadi afikishe miaka 4 hivi. Atalia siku za kwanza. Majirani watakuonea huruma na kukwambia umvue, kwa kuwa mguu umeshapona. Nakusihi mama, usimvue. Mguu ukiachwa mapema hurudi ulikotoka, nami nimewaona wengi wakianza upya.

Shemeji naye aje. Mlaze kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, umbonyeze tumbo la mguu. Unyayo usipocheza, kano yake haikuungana, na hata baada ya miaka 2 daktari wa upasuaji bado anaweza kuirekebisha.

Na wewe, siku plasta ya mwisho itakapotolewa, pitisha kidole taratibu nyuma ya kisigino cha mtoto. Utaigusa mwenyewe hiyo kamba, ikiwa imefika mpaka mfupani.