Mwige Yoshiki, lakini shingo yako iache

Mdogo wangu, nimekuelewa: unampenda Yoshiki, mpiga dramu wa X Japan, bendi ya roki ya Japani, unapiga dramu ukirusha kichwa kama yeye, na sasa shingo inauma na vidole vinaingia ganzi. Hiyo ganzi ndiyo iliyonishtua. Wiki hii kamwone daktari wa mifupa. Mkono ukilegea hadi fimbo ya dramu ikuponyoke, usingoje hata kesho. Na usikubali mtu akukande wala kukupinda shingo kabla hujapimwa.

Shujaa wako mwenyewe amepasuliwa shingo mara tatu, 2009, 2017 na 2024; mara ya pili aliwekewa diski ya bandia, ile mito inayokaa kati ya pingili za shingo. Mimi nilimwiga nikaumia, nikavaa kola ya kushikilia shingo miezi miwili, hata chai nikinywa kwa mrija.

Weka fimbo chini kwanza. Yoshiki alianza piano akiwa na miaka 4, na nyimbo nyingi za X Japan ni utunzi wake. Hapo ndipo pa kumwiga! Azima kinanda, ujifunze kutunga. Daktari akikuruhusu, rudi kwenye dramu kwa dakika 15, kichwa kimetulia. Wazazi wanaotaka uache dramu, waonyeshe majibu ya vipimo kabla ya kubishana nao.