Ukiondolewa kwenye nafasi ya Mweka Hazina, anza na makabidhiano

Wanawake wengi wanaonitafuta kutoka halmashauri za huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbeya hadi Njombe, huuliza jambo lilelile: ufanye nini unapokuwa umekaimu nafasi ya Mweka Hazina, yaani mkuu wa fedha wa halmashauri, kwa muda mrefu, ukaibeba idara nzima, kisha barua inakuja ikimtaja mtu mwingine na wewe unapangiwa kituo kipya? Lilinipata nami, na najua linavyouma, hasa wenzako wanapoanza kukukwepa na ndugu wa ukweni wanapouliza umeharibu nini.

Mdogo wangu, kabla ya kulia na kabla ya kuandika malalamiko, fanya makabidhiano ya maandishi. Hati hiyo ionyeshe salio la kila akaunti pamoja na usuluhisho wake wa benki (ulinganisho wa vitabu vyenu na taarifa ya benki), madeni ya watumishi na ya wazabuni, masurufu (fedha walizokabidhiwa watumishi kwa kazi maalumu) ambayo hayajarejeshwa, mashine za kukusanyia mapato na majina ya walio nazo, fedha zilizokusanywa ambazo hazijafika benki, na hoja za ukaguzi ambazo bado hazijafungwa. Isainiwe na wewe, na anayepokea, na shahidi, kisha tunza nakala yako vizuri. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, lakini ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humfikia Rais mwishoni mwa Machi unaofuata na kuwasilishwa bungeni Aprili, kwa hiyo malipo uliyoyashughulikia leo yanaweza kuhojiwa ukiwa umeshahama, na anayejibu ni mtu ambaye hakuwapo.

Tabia hiyo ya kuandika ndiyo ninayoiita uongozi katika kazi yetu. Siku utakapoletewa hati ya malipo isiyo na viambatisho, jioni watu wakifunga ofisi, ukaambiwa kwamba mkubwa anaisubiri, usibishane kwenye simu. Andika dokezo kwenye jalada, ukitaja kwa heshima kinachokosekana, iwe ni taarifa ya kamati ya kupokea na kukagua bidhaa au mkataba uliosainiwa, kisha ulirudishe. Mkurugenzi ndiye Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha za halmashauri, naye anastahili kushauriwa kwa maandishi. Tena, usimpe mtu yeyote nywila yako ya mfumo wa malipo, hata kama ni msaidizi unayempenda, kwa kuwa muamala utabaki na jina lako. Naamini madokezo yangu ya namna hiyo yalichangia kuondolewa kwangu, lakini wakaguzi walipofika yalikuwa ndani ya majalada, na hakuna aliyeweza kuyafuta.

Kituo kipya huwa na kazi chache mwanzoni, nawe utumie muda huo kusoma. Kama hujamaliza CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hufanyika Mei na Novemba, na cheti hicho hakitenguliwi kwa barua ya uhamisho. Wala usikubali kuambiwa kwamba mwanamke anajaribiwa tu katika fedha za umma: Zakia Meghji aliiongoza Wizara ya Fedha kuanzia 2006 hadi 2008, na Saada Mkuya Salum akaiongoza baadaye.

Kuhusu nyumbani, nitasema wazi kwamba mizani haiwezi kuwa sawa kila mwezi. Juni ndipo baridi ya Uyole na Makambako inapokaza na watoto kukohoa usiku, na ndipo sisi tunapofunga hesabu, kisha inafuata miezi ya kuandaa taarifa za fedha. Mweleze mwenzako mapema, na mtafute dada au shangazi wa kukaa na watoto kwa kipindi hicho. Ofisini, wafundishe wasaidizi wawili kufanya usuluhisho wa benki hadi waweze bila wewe, maana mwanamke asiyefundisha mtu hujinyima likizo mwenyewe. Likizo ya uzazi ni siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Ichukue yote, ukitanguliza makabidhiano yaleyale niliyoyaeleza. Likizo yako ya mwaka iombe Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na jina lako liingie kwenye mpango wa likizo wa idara tangu Julai, kabla wengine hawajazichukua tarehe hizo.