Nimsamehe Kaka Yangu, na Shamba Je?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Kaka yangu aliuza nusu ya shamba aliloacha marehemu baba, bila kutushirikisha mimi na wadogo zangu. Mzee wa kanisa amenishauri nimsamehe na suala hilo nisilitaje tena. Nimejaribu, lakini kila tunaposali Sala ya Bwana ibadani, nikifika penye "utusamehe deni zetu" sauti hunikatika. Je, mimi si Mkristo?
Msomaji, Iringa

JIBU: Amina, dada yangu. Asiyejali maneno ya sala huyapita bila kukwama. Wewe unakwama kwa sababu unayasikia. Tuanze na neno hilo hilo, "deni". Katika Mathayo 18, Bwana Yesu anamjibu Petro kwa mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, hivyo deni lile lilitaka zaidi ya miaka 160,000 ya kazi isiyo na mapumziko. Naye akatoka, akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Mfano hausemi kwamba dinari 100 si kitu: jasho la miezi mitatu na zaidi ni jasho, na nusu ya shamba la baba ni mali. Kilichomponza ni mikono yake shingoni mwa mwenzake. Kusamehe ni kuiondoa mikono hiyo, yaani kuacha kulipiza kisasi, kuacha kumwombea mabaya, na kuacha kulifukua kosa lake kila ndugu wanapokutana msibani.

Kunyamaza ni jambo jingine, na hapo sikubaliani na ushauri uliopewa. Luka 17:3 inasema ndugu yako akikosa, umwonye. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, alipoahidi kuwarudishia mara nne aliowanyang'anya, Bwana hakumwambia kwamba yamekwisha, aache. Alisema wokovu umefika nyumbani humo. Inaniuma kwamba makanisani mwetu neno "samehe" huelekezwa haraka kwa aliyeumizwa, kabla aliyeumiza hajaulizwa lolote.

Mwendee kaka yako mkiwa wawili tu, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, umwombe hesabu ya fedha na mzungumzie haki ya wadogo zenu katika nusu iliyobaki. Asipokusikiliza, rudi kwake pamoja na baba mdogo na mzee wa kanisa huyo huyo. Jumapili, sauti ikikatika, usitoke ibadani. Sala ile inasema "utusamehe", nao walio kando yako watakuwa wanaisali pamoja nawe.