Maswali na Majibu: Leo Limepita Jalada la Nani?

Barua tatu za mwezi huu zimekuja kwa reli moja, mbili kutoka Kigoma na moja kutoka Tabora, na zote zinazunguka swali lile lile la mtu na kazi yake. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko kawaida ya ukurasa huu, kwa sababu nimejiona ndani yake.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja hapa Kigoma mjini, na huu ni mwaka wangu wa 11. Nina umri wa miaka 36, mke na watoto watatu, na nyumba yetu ya Mwanga imebakiza plasta tu. Mshahara si mkubwa, lakini hauchelewi. Taabu yangu ni kwamba nikitoka kazini jioni siwezi kumweleza mke wangu nimefanya nini. Ninafungua majalada, ninaandika folio, yaani namba za karatasi zilizomo, ninapeleka ghorofani, ninasubiri yarudi. Mdogo wangu, aliyeishia darasa la saba, ananunua dagaa Kibirizi na kuwasafirisha Dar es Salaam. Anarudi nyumbani ananuka dagaa, lakini anarudi anacheka. Nimeweka akiba ya shilingi milioni nne, na barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, ipo kwenye droo. Je, niikabidhi? (Karani, Kigoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua hiyo iache kwenye droo kwanza, haitaoza. Yako wewe nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale, kwenye maneno kwamba huwezi kumweleza mke wako umefanya nini. Hukuandika kwamba mkuu wako anakudhalilisha, wala kwamba mshahara unaisha tarehe kumi. Ungeandika hayo, jibu langu lingekuwa fupi na la namna nyingine, maana mtu anayepunjwa au kutukanwa kila siku hapaswi kuambiwa atafute maana ya kazi. Anapaswa kudai haki yake au kuondoka, kwani maana hailipi ada ya shule. Wewe unalalamikia jambo tofauti kabisa: kazi inapita mikononi mwako, na huoni inakoishia.

Nikusimulie kisa cha nyumbani kwetu. Baba alipofariki, tulifuatilia mafao yake katika ofisi moja ambayo sitaitaja, na kwa muda wa miezi saba tulipewa jibu moja tu, kwamba jalada halionekani. Mama alikuwa akitoka Ujiji alfajiri na mfuko wake wa nailoni, ndani yake cheti cha kifo, cheti cha ndoa na picha mbili za pasipoti, anakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana, kisha anarudi alivyokwenda. Siku moja alimkuta karani mgeni, kijana mwembamba aliyevaa sweta juani, ambaye alimuuliza jina la marehemu na mwaka aliostaafu, akashusha rejista ya mwendo wa majalada kutoka juu ya kabati, akaanza kuteremka kwa kidole mstari mmoja baada ya mwingine. Kwenye ukurasa wa tatu kidole kilisimama. Jalada lilikuwa limechukuliwa na ofisa ambaye alikwisha kuhamishwa, na halikurudishwa. Lilikutwa katika chumba alichokuwa akikalia, limekunjwa na kuwekwa chini ya mguu wa meza ili meza isiyumbe. Kijana yule alilipangusa vumbi, akahesabu folio moja moja mbele ya mama, akasema, “Mama, zote zipo, mpaka namba 42.” Mama alilia palepale dirishani. Mafao yalitoka baada ya majuma sita, na kwa fedha hizo mdogo wetu wa mwisho alimaliza shule.

Nina hakika kwamba jioni ile, kama kuna mtu nyumbani aliyemuuliza kijana yule amefanya nini kutwa, alijibu kwamba amepanga majalada.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2007 mtafiti wa Marekani Adam Grant na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watu ambao kazi yao ilikuwa kupiga simu kuomba michango kwa ajili ya chuo kikuu, kazi ya kuchosha ambayo malipo yake makubwa ni kukatiwa simu. Kundi moja lilikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyekuwa akisoma kwa ufadhili wa michango hiyo. Mwezi mmoja baadaye muda waliokaa kwenye simu ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 142, na fedha walizokusanya kwa asilimia 171. Maneno ya kusema kwenye simu yalikuwa yale yale. Kilichoongezeka ni sura ya mtu mmoja.

Wewe pia sura hizo unazo, ila zimefungwa ndani ya majalada. Kwa hiyo nakuomba, kwa majuma manne tu, ununue daftari dogo, na kila jioni kabla hujafunga kabati uandike mstari mmoja: leo limepita jalada la nani, na mwenyewe anasubiri nini. Majina usiyaandike, kwa maana siri za ofisi zibaki ofisini. Andika “mjane wa Kasulu, mirathi”, “mwalimu wa Uvinza, uhamisho”. Idadi ya majalada pia usiiandike, kwa sababu idadi ndiyo iliyokuchosha. Ziko siku utakazoandika “mihtasari ya vikao tu”, na hilo nalo liandike kama lilivyo. Kisha muombe mkuu wako akuruhusu kukaa dirishani angalau nusu siku kwa juma, ukutane na wenye majalada ana kwa ana. Hata pale ambapo jibu halijapatikana, unaweza kumwambia mtu jalada lake limefika meza gani na limefika lini, jambo ambalo mama yangu hakuambiwa kwa miezi saba, na ambalo halihitaji cheo wala bajeti.

Sasa tuje kwa mdogo wako. Kicheko chake unakiona anaporudi kwa sababu ndipo mnapoonana. Nenda naye Kibirizi, na usiende mara moja tu, alfajiri vipe vinapoingia, kama tunavyoviita huku vyombo vya wavuvi wa dagaa. Watazame akina mama wanavyowamwaga dagaa juu ya chanja na kuwatandaza kwa viganja mpaka asibaki dagaa aliyelala juu ya mwenzake, kisha wanavyowageuza jua linapopanda. Watazame pia wale wanaoanika mchangani, umuulize mdogo wako kwa nini dagaa wa mchangani hawapati bei ya wale wa chanjani, naye atakutafunisha mmoja ili meno yako yajibu. Nenda tena siku ambayo wingu limekusanyika juu ya ziwa, uone mbio za maturubai, na uone uso wa mtu ambaye mtaji wake wote umelowa. Halafu muulize aliishije kati ya tarehe 15 Mei na 15 Agosti 2024, Serikali iliposimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Huenda alivuka salama. Huenda alikula mtaji. Na huenda wewe, mwenye mshahara usiochelewa, ndiwe uliyempelekea unga.

Sisemi hivyo kuidharau kazi yake. Ina kitu ambacho yako imekunyima: anawaona dagaa wakiwa wabichi, anawaona ndani ya gunia lililoshonwa mdomo, na anamjua mtu anayewapokea kule mwisho wa safari. Nadhani hicho ndicho unachokionea wivu, zaidi ya fedha. Lakini kama ni biashara yenyewe unayoitaka, ijaribu ukiwa bado kazini. Mpe sehemu ya akiba, tuseme milioni moja, kwa mzigo mmoja, mkiandikiana namna mtakavyogawana faida na namna mtakavyogawana hasara, maana mali bila daftari huisha bila habari, na mara nyingi huondoka na undugu. Likizo yako ya mwaka itumie kusafiri na mzigo huo, ulale juu ya magunia, ubishane na madalali, kisha ujiulize kama bado unacheka.

Hutasikia kutoka kwangu kwamba ufuate ndoto zako. Neno hilo limechakazwa na wasemaji wa semina, ambao wengi wao, kwa kadiri nilivyowaona, ndoto yao ilikuwa kuendesha semina. Lakini ikiwa baada ya miezi sita daftari lako halina mstari hata mmoja unaotamani kumsomea mke wako, na mizigo miwili mitatu imerudi na faida, itoe barua kwenye droo bila aibu. Kabla ya kuisaini, fika kwenye mfuko wako wa hifadhi ya jamii uulize michango yako itakuwaje. Swali hilo usilipeleke kijiweni.

SWALI: Mama Mshauri, ninashona sare za shule hapa Tabora kwa miaka 19 sasa. Nina mashine mbili na wateja wa kutosha, na kila Januari silali. Siku hizi mikono inashona yenyewe, mimi mwenyewe sipo. Nimeanza kufunga kibanda saa tisa. Binti yangu anasema nimechoka, nipumzike, lakini nikipumzika ndipo ninaposononeka zaidi. Nina umri wa miaka 47. (Fundi, Tabora)

JIBU: Dada yangu, kwanza jambo la afya. Ikiwa huzuni hiyo imekaa majuma kadhaa mfululizo, inakunyima usingizi au hamu ya kula, na hata mambo uliyoyapenda hayakugusi tena, nenda hospitali ukazungumze na daktari, kwa maana ipo huzuni ambayo ni ugonjwa na ina tiba, na hakuna ushauri wa gazetini unaoweza kuiondoa.

Ikiwa si hivyo, basi naona huna uchovu. Una ujuzi uliokosa kazi. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, aliyefundisha miaka mingi Chicago, aliwahoji wachoraji, wapanda milima, madaktari wa upasuaji na watu wa kazi nyingine nyingi, akaona kwamba mtu huzama katika kazi yake, hata akasahau saa, pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wake. Ugumu ukizidi, anaingiwa na hofu. Ujuzi ukizidi, kazi inamkinai. Sketi ya marinda uliyoipima kwa chaki na kwa hofu mwaka wako wa kwanza, leo unaikunja ukiwa unaangalia barabarani.

Sare usiziache, kwa kuwa ndizo zinazokulisha. Chagua siku moja ya juma, baada ya msimu wa Januari kupita, uifanye siku ya kitu usichokiweza. Mimi ningeanza na koti la kiume lenye bitana. Nunua moja la mtumba lililochoka, lifumue mshono kwa mshono, tandaza vipande vyake mezani kwa mpangilio ule ule, uone jinsi bega lilivyojengwa na jinsi bitana ilivyoachiwa nafasi ya kupumua, kisha ukatie kitambaa kipya juu ya vipande hivyo. Utaharibu cha kwanza, pengine na cha pili, kwa hiyo nunua vya bei nafuu. Na kama kuna binti jirani anayetaka kujifunza, mpokee, hata kama atakupunguzia mwendo. Atakuuliza kwa nini unafanya hivi na si vile, na baadhi ya maswali yake utagundua hukuwahi kujiuliza katika miaka yote 19.

SWALI: Shikamoo. Ninaishi Katonga, nina umri wa miaka 22, ninafanya kazi siku sita kwa juma. Jumapili napenda kukaa tu. Wenzangu wananiambia kila saa ni fursa, na kwamba kijana asiyejiendeleza Jumapili atajuta. Je, nina kosa? (Kijana, Kigoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huna kosa. Unaishi Katonga, ufukweni kwa wavuvi wa dagaa, kwa hiyo jambo hili unalijua kuliko mimi: mwezi unapopevuka, dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa, na vipe hukaa ufukweni kwa siku kadhaa, ingawa wenyewe ni watu wa kula walichopata jana usiku. Wapo wanaotumia siku hizo kushona nyavu na kuziba mitumbwi, wapo wanaokwenda kuwasalimu wazazi vijijini, na wapo ambao, ukipita pale saa nne asubuhi, utawakuta wamelala chali ndani ya mtumbwi mkavu, kofia usoni.