Jibu: Nairobi wanatuona, sisi hatuwaoni

Salaam ndugu. Kwa hiyo mashine ya mikutano ya video hapo Nyali inapiga Nairobi vizuri, wanakuona na kukusikia, ila kwako kioo cheusi na kimya. Kamera iache.

Angalia kwanza IP, yaani anwani ya mtandao ya mashine. Ikianza na 192.168, mashine inawapa wenzako anwani ya ndani, picha zao hazina pa kufikia. Kwenye mipangilio ya mtandao washa NAT (inayobadilisha anwani ya ndani kuwa ya nje), andika IP ya nje. Mwombe mtoa huduma wa intaneti akupe IP isiyobadilika, la sivyo ikibadilika usiku umerudi palepale.

Kwenye ruta pitisha poti (mlango wa data) ya TCP 1720, inayoanzisha simu, na poti za UDP zilizoandikwa kwenye mashine, kisha zima ALG ya H.323 (kipengele cha ruta kinachobadilisha anwani ndani ya simu za video za H.323), hiyo na NAT ya mashine hugombana, mimi huizima kila nikiikuta. Modeli yako sijaishika, menyu huenda zikatofautiana.

Bado giza? Tuma picha ya ukurasa wa NAT, IP uifiche.