Rangi za kadi zinabadilika: ninunue kadi ya grafiksi au kioo?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari hapa Masasi, natengeneza kadi za harusi na mabango ya sherehe. Msimu wa korosho ukichanganya, kazi zinakuwa nyingi sana. Shida yangu ni kwamba mteja anaona maroni kwenye kompyuta, kadi zikitoka anasema hii siyo rangi niliyoichagua. Muuzaji mmoja wa Mtwara mjini ananiambia niongeze kadi ya grafiksi ya GB 2. Mwingine anasema nichukue kioo cha inchi 32, Full HD, hezi 75. Maneno haya yana maana gani, na nichukue kipi?

JIBU: Marahaba dada. Kadi ya grafiksi iache dukani. Kwa kazi uliyoieleza haitakusaidia, na nakuomba uelewe sababu yake ili mtu mwingine asikuuzie kesho.

Kompyuta haijui maroni. Inajua namba. Kila nukta ndogo ya picha, ambayo ndiyo pikseli, ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Kadi ya grafiksi hupiga hesabu ya namba hizo na kuzipeleka kwenye kioo. Grafiksi iliyomo ndani ya prosesa yako na kadi ya bei kubwa zote zitatuma namba zilezile za maroni yako. Hiyo GB 2 ni kumbukumbu ya kufanyia kazi. Full HD ni pikseli 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600, na kila moja ikichukua baiti 4, picha nzima inakula kama MB 8 tu. Kumbukumbu inayobaki ni ya magemu, michoro ya 3D na kuhariri video. Siku ukianza kuhariri video za harusi, tutalizungumza tena.

Anayeigeuza namba kuwa rangi ni kioo, na hapo ndipo pesa yako iende. Angalia kwanza aina ya paneli, yaani sehemu ya ndani ya kioo inayoonyesha picha. Vioo vingi vya bei ya chini, na vingi vya mtumba kutoka maofisini, ni TN. Ukikaa mbele yake unaona rangi moja, mteja aliyesimama pembeni ya kaunta anaona nyingine. Huenda ugomvi wako na wateja unaanzia hapohapo, kabla hata printa haijawashwa. Paneli ya IPS haibadiliki hivyo ukiitazama kutoka pembeni. Ukiwa dukani omba wafungue picha ya mtu, kisha simama kushoto, kulia, halafu inama. Ngozi ikigeuka rangi, kiache.

Kisha soma wigo wa rangi, yaani kioo kinaweza kuonyesha rangi nyingi kiasi gani. Kuna kipimo kinaitwa sRGB, kilichotengenezwa mwaka 1996 na HP na Microsoft ili picha ionekane karibu sawa kwenye vifaa tofauti. Tafuta kioo kilichoandikwa sRGB asilimia 95 na kuendelea. Wengine huandika kwa kipimo cha zamani cha NTSC: asilimia 72 ya NTSC inakaribia sRGB kamili, lakini asilimia 45, ambayo imejaa kwenye laptopu za bei nafuu, inaacha nje takriban theluthi nzima ya rangi hizo. Wekundu unafifia, na maroni ndiyo ya kwanza kuumia.

Inchi 32 kwa Full HD sikushauri. Pikseli ni zilezile, zimetandazwa tu kama donge moja la chapati lililosukumwa likawa pana. Kioo cha inchi 24 kinakupa pikseli kama 92 kwa kila inchi, cha 32 kama 69 tu, na wewe unakaa karibu unapanga herufi ndogo za majina. Chukua 24.

Hezi ni mara ngapi kioo kinachora picha upya kwa sekunde. Kati ya 60 na 75 kadi yako ya harusi haioni tofauti. Ukiona niti, ni kipimo cha mwanga wa kioo: 250 zinatosha ndani. Kama kompyuta iko barazani, geuza meza jua lisipige kioo, maana jua la Masasi hakuna kioo cha kawaida kitakachoshindana nalo.

Ukishakinunua, unganisha kwa waya wa HDMI ikiwa kompyuta yako ina tundu lake. Waya wa VGA ni wa teknolojia ya mwaka 1987, unapeleka picha kwa mawimbi ya umeme badala ya namba, na kwenye Full HD herufi mara nyingi hupata ukungu. Kwenye mipangilio chagua 1920 kwa 1080, siyo 1024 kwa 768 ninayoikuta ofisi nyingi huku kwa sababu tu herufi zinaonekana kubwa. Ukitaka herufi kubwa, ongeza asilimia ya ukuzaji. Halafu, kwenye vitufe vya kioo chenyewe, weka joto la rangi kelvini 6500, kwa kuwa vingi hutoka kiwandani vikiwa na ubluu uliozidi.

Hata ukifanya yote hayo, kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga na printa kwa wino. Bluu kali na kijani kinachong'aa, wino haufiki kabisa. Aina ya karatasi nayo inabadilisha rangi. Kwa hiyo mteja akija na kipande cha kitambaa cha sare, usilinganishe na kioo. Chapa maroni tano zinazokaribiana kwenye karatasi ileile ya kadi, andika namba za kila moja chini yake, mpeleke mlangoni kwenye mwanga wa mchana achague, asaini juu ya aliyoichagua, ndipo uanze kuchapa.