Kambi ya wasichana: sala tu, au na haki pia?

Dada, umeuliza kama kambi yenu ya wasichana ya Desemba ibaki sala na michezo, au iguse na haki zao. Iguse. Kwangu mimi hivyo viwili havitengani.

Tazama Tharaka, Kenya. Mwaka 1996 akina mama kule walianza Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno, badala ya kuwakeketa wasichana. Wasichana walikaa ndani kama juma moja wakifundwa, kisha wakatolewa kwa ngoma na zawadi, bila kisu. Heshima ya kuwa mtu mzima ilibaki palepale.

Nilisaidia kambi moja ya likizo. Usiku wa tatu, tumekaa mkekani tunamenya karanga, binti wa miaka 12 akaniuliza polepole: "Dada, kwani Mungu aliniumba na kasoro ya kukatwa?" Ratiba niliiweka kando. Tukasoma Mwanzo sura ya 1, pale Mungu alipoona kila alichofanya ni chema sana. Halafu tukaongelea sheria ya Tanzania ya 1998, inayofanya kumkeketa msichana chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Hakuna aliyesinzia.

Ada nayo muiangalie. Ikiwa kubwa, wanaoihitaji zaidi kambi watabaki nyumbani kuchota maji. Pokeeni hata maharage. Pedi ziwekwe wazi bafuni, mtoto asilazimike kuomba. Na siku ya kufunga waiteni wazazi, hasa akina baba, wawasikie binti zao wakizungumza.